Damu Chooni: Kila Kipimo Kina Swali Lake

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tukikutana katika semina hizi huwa tunazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya mweka hazina. Leo tunazungumza juu ya choo. Tafadhali msicheke, wala msione haya. Kama tungekuwa tumezoea kulizungumza jambo hili bila haya, baadhi ya wenzetu tuliowazika wangekuwa wameketi hapa pamoja nasi.

Sisi tunaozungumza nanyi si madaktari. Ni wafanyakazi wa jamii. Kazi yetu ni kwenda na wagonjwa hospitali, kukaa na jamaa zao kwenye benchi, kuwasomea barua za daktari, na kusaidia kikundi kuhesabu pesa za harambee. Katika kazi hiyo tumeona jambo moja likirudiwa mara nyingi. Mtu anaanza kutoa damu chooni. Ananunua dawa ya amiba dukani. Damu inakoma, kisha inarudi. Anaambiwa ni bawasiri, anapewa dawa ya kupaka. Baadaye anaambiwa ni taifodi, halafu ni vidonda vya tumbo. Mwaka unapita. Siku anapofika mbele ya mashine inayofaa, ugonjwa umekwisha kutembea mpaka kwenye ini, na pesa za ng'ombe zimekwisha kwa vipimo ambavyo havikuhusu ugonjwa wake.

Kwa hiyo leo tunataka mwondoke na neno moja tu: kila kipimo kina swali lake. Ukilijua swali, utajua ni kipimo gani cha kuomba. Utajua kimekwambia nini. Na zaidi ya yote, utajua bado hakijakwambia nini.

SI UGONJWA WA WAZUNGU

Wazee wengi husema kwamba kansa ya utumbo mpana ni ugonjwa wa wazungu. Maneno hayo yana historia yake. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka wa 1946 na kufanya kazi huko karibu miaka 20, aliandika mwaka wa 1971 kwamba kansa hii ilikuwa nadra sana vijijini Afrika, ilhali Uingereza na Marekani ilikuwa nyingi. Yeye aliona sababu ni chakula, kwa kuwa watu wa huku walikula vyakula vyenye makapi mengi. Alisema aliyoyaona wakati ule.

Lakini tangu wakati ule imepita zaidi ya miaka 50. Leo kansa ya utumbo mpana imo katika kansa tano zinazoonekana zaidi Kenya, pamoja na ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya koo la chakula. Duniani kote, mwaka wa 2022, watu wapatao milioni 1.9 walipatikana nayo, na zaidi ya 900,000 walikufa kwa ajili yake. Tena madaktari wetu wameona kwamba hapa Kenya wagonjwa wengi ni watu wa chini ya miaka 50, watu walio na watoto shuleni. Basi anayesema "mimi bado kijana" asidhani amejikinga kwa neno hilo.

UGONJWA HUU UNATUPA NAFASI

Utumbo mpana ni kama mfereji wa urefu wa mita moja na nusu hivi. Unaanzia chini upande wa kulia wa tumbo, unapanda, unavuka kwenda kushoto, unateremka, kisha unaishia kwenye puru, yaani ile sehemu ya mwisho ambapo choo hungoja kabla ya mtu kwenda haja.

Kansa nyingi za utumbo huu huanza kama kinyama kidogo kinachoota ndani yake. Madaktari hukiita polipu. Kimoja kina shina kama uyoga, kingine kimelala kama kovu. Vinyama vingi havigeuki kuwa kansa kamwe. Vile vinavyogeuka huchukua muda mrefu, mara nyingi miaka 10 au zaidi. Hapo ndipo tumaini letu lilipo. Kinyama kikionekana mapema kinakatwa, na kansa ile haitokei. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu zetu, hujengwa kwa pesa nyingi na machozi mengi.

DALILI ZA KUTOPUUZWA

Haya ndiyo mambo ya kumpeleka mtu kwa daktari, si dukani:

- Damu kwenye choo, iwe nyekundu au nyeusi kama lami.
- Kubadilika kwa haja kwa wiki kadhaa: kuharisha, kufunga choo, au yote mawili kwa zamu.
- Choo kuwa chembamba kuliko kawaida ya mtu huyo.
- Kusikia haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni.
- Kukonda bila sababu, au maumivu ya tumbo yasiyoondoka.
- Kupungukiwa na damu bila sababu inayojulikana.

Hiyo ya mwisho husahauliwa sana. Mwanamume, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, akipimwa akaonekana damu yake ni kidogo, asikubali kupewa vidonge vya kuongeza damu peke yake na kurudi nyumbani. Aulize: "Damu yangu inaenda wapi?" Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo unaweza kuvuja kidogo kidogo kwa miezi mingi, na mtu asione tone hata moja kwa macho yake.

Na ikiwa tumbo limefura, mtu anatapika, hatoi choo wala hewa, hapo hakuna kungoja mkutano wa kikundi. Utumbo unaweza kuwa umeziba. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

SWALI LA KWANZA: JE, KUNA DAMU ILIYOJIFICHA?

Kipimo cha kwanza ni cha choo. Kinatafuta damu ambayo macho hayaioni. Hiki hasa ni kipimo cha mtu ambaye hana dalili yoyote lakini umri wake umefika. Kiko cha namna mbili.

Cha zamani ni karatasi iliyotiwa utomvu wa mti fulani wa Amerika. Choo kidogo hupakwa hapo, dawa hudondoshwa, na karatasi ikigeuka buluu, kuna damu. Ubaya wake ni kwamba hakijui kutenganisha damu ya mtu na damu ya ng'ombe uliyemla jana. Ndiyo maana mtu huambiwa aache nyama nyekundu siku chache kabla.

Cha siku hizi, ambacho hospitalini mtasikia kikiitwa FIT, kinatambua damu ya binadamu peke yake. Huna haja ya kubadilisha chakula. Unapewa kichupa chenye kijiti. Unachukua choo kidogo kwa kijiti, unafunika, unarudisha. Choo kisichanganyike na mkojo wala maji. Mama aliye katika siku zake angoje zipite.

Sasa sikilizeni vizuri. Jibu likiwa "ndiyo", maana yake ni kwamba kuna damu. Si kwamba kuna kansa. Wengi wanaopata "ndiyo" wana bawasiri, kidonda, au polipu tu. Lakini kila mwenye "ndiyo" lazima aendelee mpaka swali la pili. Akikaa nyumbani, kipimo hakikumsaidia kitu. Jibu likiwa "hapana", maana yake ni kwamba hakukuwa na damu kwenye choo kile, siku ile. Uvimbe hauvuji kila siku. Kati ya watu 10 walio na kansa tayari, kipimo hiki hukamata karibu 8. Ndiyo sababu hurudiwa kila mwaka.

Nani apimwe? Wataalamu wa Marekani walikuwa wakisema miaka 50. Mwaka wa 2021 wakashusha mpaka miaka 45 kwa sababu walio wadogo walikuwa wakiugua zaidi. Nasi tunawashauri waliofika miaka 45 wazungumze na daktari au tabibu wao juu ya kipimo hiki. Mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepata kansa hii asingoje umri huo. Yeye huanza akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa yake alipatikana nayo, tukichukua ule unaotangulia. Wacha tuseme baba alipatikana nayo akiwa na miaka 48. Watoto wake waanze wakiwa na miaka 38. Tena hao wazungumze na daktari juu ya kipimo cha kamera moja kwa moja.

Kabla ya kuondoka hapa, maneno mawili. La kwanza: mtu aliyekwisha kuona damu kwa macho yake hahitaji karatasi kumwambia kwamba kuna damu. Swali lake ni la pili, si la kwanza. La pili: kile kipimo cha choo cha kutafuta amiba na minyoo ni kipimo kingine chenye swali lingine. Kuonekana kwa amiba hakusemi kwamba hakuna uvimbe. Na mtu anaweza kuwa na bawasiri na kansa kwa wakati mmoja. Akitibiwa amiba au bawasiri na damu ikarudi, arudi hospitali, wala asirudi dukani.

SWALI LA PILI: DAMU INATOKA WAPI?

Hapa kipimo cha kwanza hakina mashine. Daktari huvaa glavu, hupaka mafuta, na kuingiza kidole katika njia ya haja kubwa. Huchukua dakika moja au mbili. Kinaweza kufanyika hata kituo cha afya. Uvimbe ulio karibu unaweza kuguswa kwa kidole hicho. Tunajua akina baba wengi hukataa, na daktari mwenye haraka naye huacha kwa kuona aibu yao. Lakini mtu aliyepewa dawa ya bawasiri bila kuangaliwa huko amepewa dawa ya kubahatisha. Mwambieni daktari bila haya: "Naomba uniangalie." Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nasi twasema, mficha choo hatibiwi.

Kidole kina mwisho wake. Zaidi ya hapo inahitajika kamera. Kipimo kamili huitwa kolonoskopi. Ni mpira mrefu mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera mbele. Huingizwa kutokea chini na kupita utumbo mpana wote mpaka mwanzo wake. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakiangalii tu. Mwaka wa 1969 huko New York, madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walikata polipu kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya mpira huo, bila kupasua tumbo. Tangu siku hizo kipimo kimekuwa tiba pia. Polipu ikionekana, mara nyingi hukatwa hapo hapo.

Kazi kubwa ya kipimo hiki iko nyumbani, siku moja kabla. Mtu huacha chakula kigumu, hunywa vitu vyepesi tu, kisha hunywa dawa ya kuharisha mpaka kinachotoka kiwe maji matupu. Ukitaka kuona ufa ndani ya tangi, lazima uondoe matope kwanza. Mgonjwa asipojisafisha vizuri, daktari haoni kitu, nauli imepotea na siku imepotea. Kwa hiyo mgonjwa huyo anahitaji nyumba yenye choo karibu, maji ya kutosha, na mtu wa kumwangalia. Mwenye kisukari, au anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari mapema ili aelezwe jinsi ya kutumia dawa zake.

Siku ya kipimo hupewa dawa ya kutuliza, kwa hiyo asirudi peke yake kwa bodaboda wala matatu. Madhara makubwa, kama utumbo kutoboka au damu kutoka kwa wingi, hutokea kwa watu wachache sana. Lakini mtu akirudi nyumbani akapata maumivu makali ya tumbo, homa au damu nyingi, arudishwe hospitali mara moja.

Iko kamera fupi pia, inayoangalia upande wa kushoto na puru tu. Inasaidia, lakini mkiambiwa "hatukuona kitu", ulizeni: "Mliangalia mpaka wapi?"

Mahali ambapo hakuna kamera ndefu, wengine hupigwa eksirei baada ya kuingiziwa dawa nyeupe ya bariamu na hewa. Hiki ni kipimo cha zamani, na polipu ndogo hukipita. Kiko pia kipimo cha CT kinachopiga picha nyingi za utumbo uliojazwa hewa na kuziunganisha kwa kompyuta. Kilionyeshwa mara ya kwanza Marekani mwaka wa 1994. Kinaona vizuri kuliko bariamu. Lakini vyote viwili vina upungufu mmoja: haviwezi kukata kipande. Vikionyesha jambo, kamera bado itahitajika.

SWALI LA TATU: JE, NI KANSA KWELI?

Hili ni swali ambalo jicho la daktari peke yake halilijibu, hata kama ana miaka 30 kazini. Anaweza kuona uvimbe na kusema, "Huu unafanana na kansa." Lakini tunaomba mlishike neno hili: picha haithibitishi kansa. Kinachothibitisha ni kipande cha nyama kinachotolewa kwenye uvimbe na kuangaliwa kwa darubini na mtaalamu wa maabara. Kipimo hiki huitwa bayopsi.

Watu wengine husema kwamba kansa ikiguswa inakasirika na kusambaa, kwa hiyo wanakataa bayopsi. Tumewasikia hata wenye elimu wakisema hivyo. Kipande kinachochukuliwa kwa kamera hii ni kidogo sana, na ugonjwa huu huendelea kwa sababu unaachwa bila kutibiwa, si kwa sababu kipande kimechukuliwa. Bila bayopsi daktari wa kansa hana msingi wa kuanzia dawa.

Hapa ndipo faili za wagonjwa wetu hupotea. Kipande hutiwa dawa ndani ya kichupa na kupelekwa maabara, pengine mji mwingine. Majibu huchukua siku au wiki. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hospitali ulizeni mambo matatu: kichupa kimepelekwa maabara gani? Majibu yatatoka lini? Nani atayachukua? Majibu yachukuliwe kwa maandishi, na nakala ibaki kwa mgonjwa.

Tuseme pia juu ya kipimo cha damu kiitwacho CEA, maana kinauzwa sana katika maabara za mjini. Kitu hicho kiligunduliwa na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada, mwaka wa 1965, na watu walitumaini kwamba kingetambua kansa mapema. Haikuwa hivyo. Mvuta sigara au mwenye ugonjwa wa ini anaweza kuwa nacho juu bila kansa, na mwenye kansa changa anaweza kuwa nacho chini. Leo daktari hukitumia kwa mtu ambaye kansa yake imekwisha kuthibitishwa, kabla na baada ya upasuaji, ili aone kama ugonjwa unarudi. Basi mtu asiuze mbuzi kununua CEA ili ajue kama ana kansa. Hilo si swali lake.

SWALI LA NNE: IMEFIKA WAPI?

Kansa ikithibitishwa, watu wengi wanataka kisu kesho. Twaelewa. Lakini ila kwa mtu ambaye utumbo umeziba au umetoboka, inafaa kwanza kujua ugonjwa umefika wapi, kwa kuwa matibabu hutofautiana.

Fikirieni ukuta wa nyumba. Kuna plasta ya ndani, kuna udongo na fito, kuna plasta ya nje. Ukuta wa utumbo nao una tabaka zake. Kansa huanza kwenye plasta ya ndani na kuchimba kwenda nje. Karibu na ukuta kuna tezi ndogo ndogo kama maharagwe. Kansa ikipita ukutani inaweza kuingia humo. Mwisho husafiri kwa damu mpaka ini au mapafu. Mwaka wa 1932 Cuthbert Dukes wa hospitali ya St Mark's, London, alionyesha kwamba maisha ya mgonjwa wa puru yanategemea hatua hizi. Madaktari wa leo huuliza maswali yale yale matatu: imechimba kiasi gani, imeingia kwenye tezi, imekwenda mbali? Kutokana na majibu hayo wanataja hatua ya kwanza mpaka ya nne.

Vipimo vya swali hili ni CT ya kifua na tumbo, inayoonyesha ini, mapafu na tezi. Uvimbe ukiwa kwenye puru huongezwa MRI ya nyonga, kwa sababu mahali hapo ni pembamba na daktari anahitaji kujua kama ni vema kuanza na mionzi na dawa kabla ya kupasua. Baada ya upasuaji, sehemu iliyokatwa hupelekwa maabara tena. Wataalamu wanataka tezi zisizopungua 12 ziangaliwe, ili ikisemwa "tezi ni safi" liwe neno la kuaminika.

Kwa nini tujisumbue na hayo yote? Kwa sababu mgonjwa wa hatua ya kwanza huenda akatibiwa kwa upasuaji peke yake. Wa hatua ya tatu kwa kawaida huhitaji dawa za kansa baada ya upasuaji. Hata wa hatua ya nne si kwamba ameandikiwa kufa kesho. Wengine ambao ini limeguswa kidogo hupasuliwa na kuendelea. Huko Marekani, kati ya wagonjwa 100 ambao kansa ilikutwa bado iko utumboni tu, karibu 90 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikikutwa imekwisha kwenda mbali, ni karibu 15 tu. Tofauti ile, ndugu zetu, mara nyingi huanza na siku ambayo mtu aliamua kusema, "Naona damu."

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Zahanati ya kijiji haina kamera, na si kosa la wauguzi wake. Lakini ndiyo mlango. Kazi yake ni kumsikiliza mgonjwa, kumpima damu, na kumwandikia barua ya rufaa. Kamera ndefu hupatikana katika hospitali kubwa, kama vile Kenyatta Nairobi, Hospitali ya Moi Eldoret na Tenwek huko Bomet, na katika baadhi ya hospitali za kaunti na za misheni. Kwanza ulizeni iliyo karibu nanyi, mkajue bei na siku za kliniki kabla ya kupanda gari.

Tunapendekeza mambo matano.

Moja. Kila mwanachama ajiandikishe SHA. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na kadi ya zamani haitumiki. Asiye na mshahara hulipa kulingana na mapato ya nyumba yake, asilimia 2.75, lakini isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Kujiandikisha peke yake kunatosha kwa huduma za zahanati na kituo cha afya. Kwa hospitali kubwa ni lazima uwe umelipa. Hospitalini ulizeni mapema ni vipimo gani vinalipiwa na ni vipi mtalipa wenyewe.

Mbili. Anzeni mfuko wa vipimo, tofauti na pesa za merigoraundi. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa wiki, kitakuwa na shilingi 65,000 baada ya mwaka. Tumezoea kuchanga mtu akiwa mahututi au amekufa. Pesa zile zile zikitoka mapema humsaidia mtu anayeweza kupona.

Tatu. Mchagueni mama mmoja na baba mmoja wa kusindikiza wagonjwa. Wawe watu wasiotoa siri. Mweka hazina anahitaji kujua ni pesa ngapi zimetoka. Kikundi kizima hakihitaji kujua ni mahali gani pa mwili panauma.

Nne. Mgonjwa awe na daftari moja na bahasha moja. Kwenye daftari iandikwe tarehe, hospitali, kipimo na jibu. Kwenye bahasha ziwekwe barua zote na picha zote. Tumeona watu wakirudia CT ya pesa nyingi kwa sababu ya kwanza ilibaki kwa shemeji.

Tano. Kabla ya kulipia kipimo chochote, mwulizeni daktari kwa heshima maswali haya: Kipimo hiki kinajibu swali gani? Jibu likiwa ndiyo, tutafanya nini? Likiwa hapana, tutafanya nini? Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo. Na ikiwa hatua ya mbele ni ile ile, jibu liwe ndiyo au hapana, basi ulizeni kama pesa hizo hazifai zaidi kwingine.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Hatukuyasema ili kila mwenye tumbo la kuunguruma alale macho wazi. Wengi wenye damu chooni hawana kansa. Lakini hakuna anayejua yeye ni wa upande gani mpaka aangaliwe. Jumapili mkirudi kwenye vikundi vyenu, lizungumzeni kwa sauti ya kawaida, kama mnavyozungumza juu ya kideri cha kuku.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mtu akiona damu chooni humwambia nani kwanza? Kwa nini?
2. Ni wanachama wangapi wamefika miaka 45? Ni nani kati yetu aliye na jamaa aliyeugua kansa ya utumbo? (Asiyetaka kusema mbele ya wote aongee na msindikizaji faraghani.)
3. Hospitali ya karibu yenye kamera ni ipi? Nani atakwenda kuuliza bei na siku za kliniki, na ataleta jibu lini?
4. Mfuko wa vipimo tuuanze na shilingi ngapi, na ni nani watakaotia sahihi pesa zikitoka?